Asiyekuwepo na Lake Halipo: Adabu ya Baraza la Simu

Juma hili yafaa tuzungumze juu ya jambo lililokwisha ingia madarasani mwetu, sebuleni mwetu na hata jikoni, nalo ni desturi ya watu kujifunza pamoja kwa njia ya simu. Mkunga huwauliza wakunga wenzake, mkulima wa kahawa huwauliza wakulima wenzake, na mwalimu huwauliza walimu wasiopata kuonana naye uso kwa uso. Kila mmoja hujijengea jamvi lake la elimu: watu anaowauliza, watu wanaomwuliza, na mahali wanapokutania. Hapo zamani mahali hapo palikuwa barazani au kwenye semina ya likizo. Leo ni katika makundi ya WhatsApp, Telegram na Facebook.

Mimi nitatoa mifano ya walimu wa Kiswahili hapa Uganda, kwa sababu ndio ninaofanya nao kazi kila siku. Mtaala mpya wa sekondari za chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kiliwekwa miongoni mwa masomo ya lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Mwezi Julai 2022, Baraza la Mawaziri likakubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maazimio hayo ni mema. Lakini azimio halifundishi. Afundishaye ni mwalimu. Na walimu wenye ujuzi wa kutosha wa lugha hii wangali wachache. Katika shule nyingi mwalimu wa Kiswahili ni mmoja tu, hana mwenzake wa kumwuliza ngeli ya neno wala wa kumwazima kitabu. Mtu wa namna hiyo, akipata kundi la wenzake themanini katika simu, huwa kama msafiri aliyefika kisimani.

Faida hiyo tuliiona wazi wakati wa maradhi ya korona. Shule zetu zilifungwa mwezi Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022. Katika muda huo mrefu, walimu wengi hawakuwa na njia nyingine ya kukutana ila simu. Mmoja alisoma hadithi kwa sauti akaituma, mwingine akaandika maswali ya ufahamu, wa tatu akasahihisha. Wapo walioingia katika kipindi kile wakiogopa kutamka sentensi tatu mfululizo, wakatoka wakiweza kuendesha somo zima.

Hata hivyo, baraza lolote lina mlango, na mlango huweza kufungwa bila ya mtu kukusudia. Tukumbuke historia ya lugha hii yenyewe. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili, na Uganda ilikuwa mwanachama pamoja na Kenya, Tanganyika na Unguja. Katika miaka ya 1950 ofisi ya kamati hiyo ilikuwa hapa kwetu Makerere. Kazi iliyofanya ni kubwa. Tahajia tunayoandikia leo ni matunda yake. Lakini katika miaka yake ya mwanzo wajumbe wake walikuwa Wazungu, na wenye lugha yenyewe hawakupewa kiti. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Yafaa basi tujiulize: katika mabaraza yetu ya simu, ni nani hayupo?

Kwanza hayupo asiye na simu ya kisasa. Wapo walimu wenye simu ndogo za vitufe, na wapo wanaotumia simu moja pamoja na mume au mke, wakaipata saa tatu za usiku. Tena wapo wenye simu nzuri lakini hawana fedha ya bando. Serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, tangu Julai 2018, wengi wenye kipato kidogo walijitoa. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya bando. Kwa hiyo anayetuma video ya dakika ishirini, ilhali maelezo yake yangetosha ukurasa mmoja, ajue kwamba wenzake wanailipia. Maandishi hula bando kidogo sana, sauti huongeza kiasi, na video hula nyingi kuliko vyote. Mwenye huruma huandika.

Katika wilaya ninayofanyia kazi, kundi moja la walimu lilipata njia rahisi. Kila mwenye simu ya kisasa alipewa mwenzake mmoja asiye nayo. Ijumaa hunakili katika karatasi mambo makubwa ya juma, akayapeleka kwa miguu au kwa ujumbe mfupi wa kawaida, ambao hata simu ya vitufe huupokea. Wa upande wa pili naye hutoa swali lake, na swali hilo hupelekwa kundini kwa jina lake mwenyewe. Neno hili la jina ni la maana sana. Mtu akiulizwa na kujibiwa kwa jina lake, huyo ni mjumbe wa baraza. Akiletewa mabaki tu, huyo ni mwombaji.

Pili hayupo mlemavu asiyefikiriwa. Mwalimu asiyeona huweza kuitumia simu vizuri, maana ipo programu inayomsomea maandishi kwa sauti. Lakini ukimpigia picha ukurasa wa kitabu na kuituma hivyo hivyo, mara nyingi programu hiyo haipati cha kusoma, naye hubaki gizani kwa sababu ya uvivu wetu. Vivyo hivyo asiyesikia hana faida na ujumbe wa sauti. Katiba yetu ya mwaka 1995 inataka lugha ya ishara ikuzwe. Sisi tunashindwaje kuongeza mistari miwili ya maandishi chini ya sauti tuliyoituma?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, hayupo aliyechekwa. Nchini mwetu Kiswahili kina majeraha yake. Wapo wazee waliokisikia kwanza kinywani mwa askari, na wengine wanakumbuka kwamba kilitangazwa lugha ya Taifa mwaka 1973 kwa amri ya utawala wa Idi Amin. Mwalimu aliyevuka woga huo wote akaja kundini kuandika sentensi yake ya kwanza, kisha akajibiwa kwa picha za vicheko, hataandika ya pili. Nimemwona mwalimu mmoja wa mpakani, mwenye Kiswahili chepesi alichokipata sokoni, akitolewa makosa matano mbele ya watu mia, na wasahihishaji wakishindana kuonyesha umahiri wao. Tangu siku hiyo hakusema tena. Kundi lilidhani limesahihisha sentensi. Kwa kweli lilikuwa limempoteza mtu ambaye kila siku hufundisha watoto sitini. Kuuliza si ujinga, na anayesahihisha kwa upole, ikiwezekana faraghani, hajengi sarufi peke yake. Hujenga na moyo.

Kuhusu wanawake kuna jambo la pekee. Katika makundi ya WhatsApp, namba ya kila mjumbe huonekana kwa wengine, na kundi moja huweza kuwa na watu 1,024. Mwalimu wa kike anayeuliza swali la fasihi saa kumi jioni, kisha akapigiwa simu na asiyemjua saa tano za usiku, huona usalama wake katika kunyamaza au kuondoka. Kiongozi wa kundi asiseme kwamba hayo ni ya faragha. Namba ilitolewa kwa ajili ya masomo; kuitumia kwa jambo jingine ni khiyana, na mwenye kufanya hivyo apaswa kuondolewa bila ya mjadala mrefu.

Sasa tuje kwenye haki za wale ambao hawamo kundini kabisa, lakini habari zao zimo. Muhula mmoja uliopita, insha ya mtoto wa darasa la tano ilipigwa picha na kutumwa katika kundi la walimu ili watu wacheke makosa yake. Jina la mtoto lilikuwa juu ya karatasi, na la shule pia. Kutoka hapo picha ikahamia kundi la kanisa, kutoka kanisani ikahamia kundi la soko, na siku ya tatu ikafika kijijini kwa mtoto. Akakaa nyumbani siku nne, hataki kuja shuleni. Nilitumwa pamoja na mwalimu mkuu kwenda kuwaona wazazi. Baba hakugomba wala hakutukana. Aliuliza swali moja tu: ni nani aliyemwomba ruhusa? Hatukuwa na jibu la kumpa.

Swali la baba huyo ndilo lililo katika sheria. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2019 ya kulinda habari za watu inataka, kwa kawaida, idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua na kutumia habari za mtoto. Wengine hudhani kwamba kwa kuwa WhatsApp hufunga ujumbe kwa kufuli, tangu mwaka 2016, basi siri yao iko salama. La hasha. Kufuli hiyo humzuia mtu wa njiani asisome. Haimzuii mwenzako uliyempa mwenyewe asiupeleke mbele. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wenzake kosa la mwanafunzi ili wasaidiane, na aliandike upya kwa mkono wake, bila ya jina, bila ya shule. Somo litabaki lile lile, na mtoto atabaki na heshima yake.

Kazi ya mtu mzima nayo ina mwenyewe. Mara nyingi maandalio ya somo, yaliyomgharimu mwalimu usiku mzima, huonekana baada ya wiki mbili yakiwa na jina la mtu mwingine, au yakiuzwa. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 ipo, lakini kabla ya sheria kuna adabu. Ukichukua, taja ulikotoa. Ukiongeza, sema umeongeza nini. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003 na kuandikwa na watu wanaojitolea, hufuata kanuni hiyo: kila mtu aweza kunakili, mradi ataje chanzo na aachie wengine ruhusa ile ile. Anayetaka kujifunza kuandika Kiswahili safi angefaidika kushiriki huko, kwani maandishi yake husomwa na kusahihishwa na wengine, na kila badiliko huwekwa katika kumbukumbu.

Kuna pia suala la ukweli. Kila mwaka, wakati wa mitihani ukikaribia, hutokea karatasi zinazodaiwa kuwa za mtihani wa Taifa, na matangazo ya kazi yasiyo na mwenyewe. Ujumbe uliokwisha pita mikono mingi huonekana katika WhatsApp na alama ya mishale miwili, na tangu Aprili 2020 hauwezi kupelekwa ila kwa mtu mmoja au kundi moja kwa mara moja. Alama hiyo haisemi kwamba habari ni ya uongo. Inasema simama kwanza uulize. Nani ameandika? Lini? Ofisi husika imesema hivyo? Anayepeleka karatasi ya mtihani, ikiwa ya kweli amewaibia watoto waliosoma, na ikiwa ya uongo amewapotezea wakati wao.

Wapenzi wasomaji, kundi la kujifunza halihitaji katiba ndefu. Lahitaji watu wawili au watatu wanaopokezana uongozi kila muhula, saa maalumu za mazungumzo ili jioni ibaki ya jamaa na watoto, na masharti machache ambayo kila anayeingia husomewa: tusichekane, tusitoe namba wala picha ya mtu bila ya ruhusa yake, tutaje tulikotoa, tuhakikishe kabla ya kusambaza. Lahitaji pia mtu wa kuhesabu. Kila mwisho wa mwezi, kiongozi apitie orodha ya majina na kuangalia ni nani hajasema neno. Asimtangaze. Ampigie simu kwa upole, amwulize hali, na amwulize kama lipo jambo linalomzuia.

Yule mwalimu wa mpakani alipigiwa simu hiyo baada ya miezi miwili. Alisema hana neno na mtu, ila anaona afadhali asome tu. Mpaka leo jina lake limo katika orodha, naye husoma kila kitu, wala haandiki. Wenzake wanaendelea kumpigia.