BWANA SHAMBA ANASEMA: Jina la Babu Lilikuwa Njaa

 

Mwezi huu sitaeleza habari za mbolea wala dawa ya ghala. Nitaeleza habari za majina. Usishangae. Ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba hata jina ni kama mbegu. Lisipotunzwa, hupotea.

Mimi nilizaliwa Ugogo, katika Mkoa wa Dodoma. Babu yangu mzaa baba tulimwita Babu Yohana. Kadi yake ya ubatizo ilisema Yohana. Sisi wajukuu hatukujua jina lingine.

Baada ya baba yangu kufariki, tulitaka shamba letu lipimwe. Tulitaka kupata hati ya hakimiliki ya kimila, kama Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inavyoruhusu. Siku ya kuhakiki mipaka, mzee mmoja jirani alisimama. Alisema, "Shamba hili nalijua. Mwenyewe aliitwa Mtunya. Huyo Yohana simjui."

Sisi tulinyamaza. Mimi ni Bwana Shamba. Nina cheti cha kilimo. Nimepima mashamba mengi ya watu. Lakini siku ile sikuweza kujibu swali juu ya babu yangu mwenyewe. Wajumbe walisema, "Leteni mtu anayejua ukoo wenu."

Nilikwenda kwa shangazi, dada mkubwa wa baba. Umri wake ulipita miaka themanini. Nilimwuliza, "Shangazi, Mtunya ni nani?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ni babu yako. Yohana alipewa ukubwani, alipobatizwa. Jina alilopewa na mama yake ni Mtunya. Baba yako hakupenda kulitaja. Alipokuwa shuleni, wenzake walimcheka. Walimwita mtoto wa njaa."

Ndugu msomaji, Mtunya ni jina la njaa kubwa iliyoikumba Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920. Wakati huo ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, iliyoanza mwaka 1914. Wajerumani na Waingereza walipigana hapa kwetu. Majeshi yalichukua ng'ombe na nafaka za wananchi. Yalichukua pia wanaume wenye nguvu wakawe wapagazi. Ghala zilibaki tupu, na watu wa kulima walikuwa wachache. Kisha mvua haikunyesha ya kutosha. Watu wengi walikufa.

Shangazi aliendelea. Alisema kwamba kabla ya babu walizaliwa watoto wawili. Wote wawili walikufa katika njaa hiyo. Babu alizaliwa katikati ya njaa, akapona. Mama yake akamwita Mtunya. Shangazi alisema, "Hakumpa jina hilo kwa kumdharau. Alitaka watu wajue kwamba njaa ilikuja, na mtoto huyu akaishinda."

Basi, lile jina ambalo baba aliliona aibu, lilikuwa jina la ushindi.

Shangazi alikuja mbele ya wajumbe akaeleza. Yule mzee jirani alipomsikia, alicheka akasema, "Kumbe ndiye huyo huyo! Basi shamba ni lao." Mambo yakaisha kwa amani. Miezi minne baadaye shangazi alifariki. Tungechelewa kidogo, tungelikosa shamba, na tungelikosa jina.

Mimi nilimfundisha baba kupanda kwa mistari. Lakini sikumwuliza hata siku moja jina la baba yake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Ndugu msomaji, usione ajabu ukisikia jina geni katika ukoo wako. Wazee wetu wengi hawakujua kuandika. Jina la mtoto ndilo lilikuwa daftari lao. Tazama mifano hii:

Mtu aliyeitwa Masika, mara nyingi alizaliwa wakati wa mvua za masika. Kwa Wasukuma, Mabula ni mtoto wa mvua. Chausiku alizaliwa usiku. Juma na Hamisi ni majina ya siku. Pili ni mtoto wa pili, na Tatu ni wa tatu. Kwa Wasukuma tena, Kulwa na Doto ni mapacha, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Tabu, Shida na Mashaka ni majina yanayoeleza hali ya nyumba siku ile mtoto alipozaliwa.

Yako pia majina yanayoonekana mabaya, yenye maana ya kitu cha kutupwa. Katika makabila mengi, wazazi waliofiwa na watoto wengi walimpa mtoto jina la namna hiyo. Walitumaini kwamba kifo kitampita, kwa kuwa kitamwona si kitu. Kwa hiyo jina baya lilitolewa kwa upendo mkubwa.

Sasa tufanye nini? Wewe umejifunza kusoma na kuandika. Chukua daftari. Andika jina lako. Kisha andika jina la baba na la mama. Halafu babu na bibi wa pande zote mbili. Usisahau upande wa mama.

Waulize wazee mambo matatu. Kwanza, mtu huyu aliitwa majina gani yote? Pili, kwa nini aliitwa hivyo? Tatu, alizaliwa wakati wa jambo gani? Mzee hawezi kukutajia mwaka, lakini atakumbuka njaa, nzige, vita, au kuhamia vijijini. Ukijua kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa mwaka 1905 hadi 1907, na Uhuru wa Tanganyika ulikuwa mwaka 1961, utaweza kukisia umri.

Andika majina yote ya mtu mmoja pamoja. Kama ana jina la dini na jina la nyumbani, andika yote mawili. Siku ya kugawa urithi au kupima shamba, daftari hilo litawasaidia.

Katika daftari letu tumemwandika Yohana Mtunya. Juu yake tumewaandika na wale ndugu zake wawili waliokufa. Wao hawakuacha shamba wala mtoto, lakini majina yao yapo.

Na kila msimu nikiona mkulima anauza mtama na uwele wake wote bila kuweka akiba, humweleza maana ya jina la babu yangu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Jina lako lina maana gani? Nani alikupa? Je, yupo mzee anayejua majina ambayo wewe huyajui? Mwendee leo jioni, usingoje kesho.

Kwaheri mpaka mwezi ujao.