Boti ya Faiba Ikaguliwe Kabla ya Rangi

Yuko atakayeshangaa kuona jina la Mfaranyaki likitajwa katika habari za vyombo vya majini. Mfaranyaki ni kata ya Manispaa ya Songea, mbali na ufuko wowote, na mwenye kuitembelea hutarajia kukuta mahindi yameanikwa uani, si boti. Hata hivyo Mkoa wa Ruvuma una mwambao wake. Barabara itokayo Songea hupita Mbinga na kuteremka hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, na jina la mji huu limepata kubebwa na meli, MV Songea, iliyofanya kazi katika ziwa hilo. Kwa hiyo mkazi wa Mfaranyaki akinunua boti kuukuu ya faiba, akaipakia kwenye lori na kuja kuifufua uani kwake, asichekwe. Jambo analolifanya lina maana, nasi tunaliunga mkono. Tunachotaka kusema leo ni kwamba jambo hilo halimhusu yeye peke yake.

Kwanza tueleze kwa nini tunaliunga mkono. Faiba ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini, kisha kikaganda na kuwa kigumu. Tangu boti za namna hii zilipoanza kuenea duniani baada ya Vita Kuu ya Pili, imedhihirika kwamba mwili wake hauozi kama mbao wala hauliwi na kutu kama chuma. Boti iliyoundwa miaka arobaini iliyopita yaweza kuwa imekufa mashine, imevunjika viti na kupauka rangi, lakini ganda lake bado likawa na nguvu. Kulitupa ganda hilo ni hasara.

Tena ni uchafu usio na pa kwenda. Mafundi wa Lamu waliyeyusha taka za plastiki, wakazifanya mbao na mataruma, wakaunda jahazi la Flipflopi ambalo mwaka 2019 lilisafiri kutoka Lamu hadi Unguja. Faiba haikubali kufanyiwa hivyo. Rezini ikishaganda haiyeyuki tena. Ukiichoma hutoa moshi wenye sumu, na ukiiacha ufukoni hukaa hapo mpaka wajukuu waikute. Njia iliyo bora ya kuiondoa boti ya faiba ufukoni ni kuirudisha majini ikiwa nzima.

Mwezi Januari 2024, mjini Mwanza, Serikali ilikabidhi wavuvi boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa njia ya mkopo. Hilo ni jema. Lakini si kila mvuvi atafikiwa na mkopo, na boti mpya za leo ndizo boti kuukuu za kesho. Nchi inayojua kugawa boti mpya haina budi kujua pia kuzitengeneza zile za zamani.

Sasa tuje kwenye hatari. Wazee wetu wa pwani na visiwani walizoea vyombo vya mbao, na chombo cha mbao ni chombo kisemacho. Kalafati ikilegea, maji huonekana. Ubao ukioza, kidole cha fundi huzama ndani yake. Taruma likivunjika, nahodha hulisikia likilia katika mawimbi. Faiba haina tabia hiyo. Faiba hunyamaza. Juu yake pana ngozi laini inayong'aa, na chini ya ngozi hiyo pana mambo ambayo macho hayayaoni.

Boti nyingi za faiba zimefichiwa mbao ndani yake. Ubao wa nyuma unaobeba mashine mara nyingi ni plaiwudi iliyofunikwa faiba pande zote mbili. Mihimili ya chini nayo mara nyingi ni mbao zilizovikwa faiba. Penye nafasi kati ya sakafu na ganda huenda pamejazwa povu gumu la kusaidia chombo kisizame. Siku bolti moja inapolegea na maji yakapata njia, mbao hizo huanza kuoza gizani na povu hunywa maji kama sifongo. Lita 100 za maji yaliyojificha ni kilo 100. Ni sawa na kupakia abiria wawili wembamba ambao hawamo katika hesabu ya nahodha, wala hawatashuka bandarini.

Mwenye pupa huinunua boti ya namna hiyo, huziba nyufa kwa lipu ya juu juu, huipiga msasa na kuipaka rangi ya buluu, kisha huifunga mashine yenye nguvu kuliko ile ya mwanzo. Watu wote husifu. Lakini nguvu yote ya mashine hupitia ubao ule wa nyuma, na ubao ule umeoza. Siku upepo wa Mwera unapovuma kutoka kusini na kuchafua Ziwa Nyasa, rangi ya buluu haitamwokoa mtu.

Kazi ya kweli huanza kwa kubomoa. Fundi hugonga ganda lote kwa nyundo ndogo, shubiri kwa shubiri, akisikiliza. Palipo pazima hutoa mlio mkavu. Palipooza au palipoachana tabaka hutoa mlio mfu. Hutoboa tundu dogo katika ubao wa nyuma kutazama kama unga utokao ni mkavu au ni tope la kahawia. Hung'oa sakafu, huondoa povu lililolowa, kisha huliacha ganda likauke, na kukauka huko huchukua wiki nyingi. Hapa Songea ina neema yake, kwani tangu Mei hadi Oktoba mvua ni haba na uani panafaa kwa kazi hiyo, ili mradi chombo kifunikwe dhidi ya umande.

Penye tundu au ufa, faiba mpya haibandikwi juu kama kiraka cha kaptula. Kingo za jeraha huchongwa ziwe mteremko mrefu, na kanuni ya mafundi wengi ni kuufanya mteremko huo uwe na upana wa mara 12 ya unene wa ganda. Ganda la milimita 6 lahitaji mteremko wa milimita 72 kila upande. Kisha kitambaa hulazwa tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka husukumwa kwa rola mpaka hewa yote itoke. Anayeona kazi hiyo ni ndefu mno na aache, kwa kuwa njia ya mkato hapa ndiyo njia ya kwenda chini ya ziwa.

Liko na jambo la baridi. Rezini ya kawaida huganda kwa kutiwa dawa kidogo sana, gramu 10 hadi 20 kwa kila kilo moja. Katika joto la Tanga au Mtwara huganda upesi. Lakini Songea ipo juu, na asubuhi za Juni na Julai huwa za sweta. Rezini iliyopakwa katika baridi kali hugoma kuganda, au huganda nusu, ikabaki laini ndani ilhali juu yaonekana ngumu. Asiyejua huongeza dawa kupita kiasi. Hapo rezini hupata joto la ghafla, hupasuka, na hata yaweza kuwaka. Dawa ni kungoja jua la mchana na kufuata vipimo vya mtengenezaji.

Wala tusisahau kwamba uani panaishi watu. Mvuke wa rezini hulevya, huumiza kichwa na hushika moto upesi. Haifai kuwekwa karibu na jiko la mkaa. Dawa ya kugandisha ikiruka jichoni yaweza kupofusha. Vumbi la nyuzi za kioo huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Baba anayepiga msasa bila barakoa, miwani wala glavu, huku watoto wakicheza chini ya boti, anatengeneza chombo kwa kuiharibu nyumba.

Twaweza kuulizwa: ikiwa boti ni ya mtu na uwanja ni wake, sisi na Serikali yatuhusu nini? Jibu ni kwamba boti huuzwa. Aliyeifufua Mfaranyaki huenda akaipanda mara chache, kisha akapata mnunuzi. Mnunuzi huyo ndiye mvuvi wa Liuli, au mchukuzi wa abiria, au ndugu yetu wa kisiwani ambaye boti kwake ndiyo barabara, ndiyo gari la wagonjwa na ndiyo soko. Unguja, Pemba, Mafia, Ukerewe na Ukara, mtu hachagui kupanda chombo au kutokipanda. Yeye hununua rangi, na kilichomo chini ya rangi hakijui. Kazi iliyofanywa vibaya mlimani hulipiwa na mtu wa majini.

Visiwa vimekwisha lipa vya kutosha. MV Spice Islander ilizama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikaua mamia. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Zile zilikuwa meli kubwa, na boti za faiba hazikuwa na lawama katika misiba hiyo. Lakini somo lake ni moja kwa vyombo vyote: tume iundwayo baada ya mazishi haimrudishi mtu. Ukaguzi wenye faida ni ule unaotangulia.

Na katika faiba, kutangulia kuna maana ya pekee. Mkaguzi anayeitwa siku ya kushusha boti majini huiona rangi, huhesabu makoti ya kujiokolea, hutazama taa na mashine. Ubao wa nyuma hauoni, mihimili haioni, povu halioni. Hata awe hodari namna gani, amefika wakati mlango umekwisha fungwa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila boti kuukuu ya faiba inayofanyiwa matengenezo makubwa, kwa nia ya kubeba abiria au kuvulia, itazamwe mara tatu: mara ya kwanza ikiwa imebomolewa na kukauka, mara ya pili baada ya mbao mpya na matabaka ya faiba kuwekwa, kabla ya sakafu kufungwa, na mara ya tatu majini, ikiwa na mashine na mzigo wake. Mambo yaliyoonekana yaandikwe katika daftari la chombo, na daftari hilo limfuate kila mnunuzi.

Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na kwa upande wa Zanzibar Mamlaka ya Usafiri Baharini, ndio wenye dhamana ya usalama wa vyombo. Tunajua watajibu kwamba wakaguzi ni wachache na nchi ni pana. Ni kweli. Lakini si lazima mkaguzi asafiri kwa kila ufa. Yaweza kutangazwa siku maalumu katika msimu wa kiangazi ambapo wenye boti wa wilaya nzima hujiandaa kwa pamoja. Picha za simu za kila hatua zaweza kutumwa mapema, na maofisa uvuvi wa wilaya wakafundishwa kugonga ganda na kuusikia mlio mfu.

Mafunzo nayo yawafuate watu waliko. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, kina sifa katika uundaji wa boti, na Songea ina chuo chake cha VETA. Hatuoni sababu ya vyuo hivi kutoandaa kozi fupi ya matengenezo ya faiba kwa watu wa Ruvuma. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa limekwisha toa miongozo ya ujenzi wa boti za faiba kwa ajili ya wavuvi. Anayehitajika ni wa kuifundisha kwa Kiswahili, mbele ya boti, rola mkononi.

Kwa wenye boti tuna neno pia. Wako watakaoona ukaguzi kuwa ni ada nyingine na usumbufu mwingine. Hofu yao tunaielewa, na ndiyo maana tunasema ada hiyo iwe ndogo na ofisa asigeuke kikwazo. Lakini mwenye kazi safi hana haja ya kuificha. Daftari lenye saini litamwongezea bei boti ile ile ambayo leo mnunuzi huikisia kwa kuigongagonga na kubahatisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga; nao walisema juu ya ufa unaoonekana. Ufa wa faiba hauonekani, na hauna ukuta wa kujengwa baadaye. Kiangazi ni kifupi. Wakaguzi na wafike Mfaranyaki boti zikiwa bado zimefunuliwa, kabla kopo la rangi halijafunguliwa.