Akiba Tunakatwa, Karatasi Hatuna



Sisi tulioajiriwa Uganda hatuulizwi kama tunapenda kuweka akiba. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara hukatwa, mwajiri huongeza asilimia 10 yake, na jumla hiyo hupelekwa NSSF. Sheria imetulazimisha na imefanya vyema, kwani tungeachiwa hiari wengi wetu tungefika miaka 55 mikono mitupu. Lakini hakuna anayemlazimisha mfanyakazi aseme mapema nani atamtunza atakaposhindwa kutembea, nani atasimamia nyumba yake atakapoanza kusahau majina ya wanawe, na nani wa kwake kwa sheria akifa kabla ya kuchukua fedha zake. Hayo tumewaachia jamaa wakayamalize matangani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo chama chetu kimelala.

Jambo linaloleta vilio vingi ni ndoa. Wapo wanachama waliokaa na wake zao miaka 20, wamezaa, wamejenga, na hawana hata karatasi moja. Mtaani kila mtu humwita mama yule mke wa fulani. Sheria ya Uganda, hata hivyo, haihesabu kukaa pamoja kuwa ndoa, hata mkikaa mpaka mkaota mvi. Ikiwa mahari ilitolewa na mila zikatimizwa, ndoa ya kimila ipo, na tangu mwaka 1973 ipo sheria inayotaka iandikishwe kwenye gombolola kabla ya miezi sita kupita. Ni wangapi kati yetu tumeiandikisha? Mume akifa, mjane hutakiwa athibitishe ndoa yake. Wazee walioipokea mahari huenda wamekwisha kufa, au wako hai lakini wamesimama upande wa mashemeji wanaokitolea macho kibanja.

Marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya mwaka 2022 yamemsaidia mjane. Mtu akifa bila wosia, nyumba waliyokuwa wakiishi hutengwa kwa ajili ya mwenzi wake na watoto. Mali iliyobaki hugawanywa hivi: mwenzi asilimia 20, watoto 75, jamaa wengine waliomtegemea marehemu 4, na mrithi wa kimila, yule aitwaye omusika huku Buganda, asilimia 1. Zamani mjane alipata 15. Hatua hiyo tuisifu. Lakini asilimia hazijigawi zenyewe. Ni lazima pawe na mtu aliyepewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi, na kabla ya kufika mahakamani kuna barua ya LC1, kikao cha ukoo, na safari za kwenda ofisi ya Kabidhi Wasii Mkuu. Miezi hupita. Wakati huo kodi ya vyumba vya kupangisha inapokewa na yeyote mwenye sauti kubwa katika ukoo.

Wakongwe wa reli, bandari na posta wanalijua hili kuliko mimi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na hata baada ya nchi tatu kutia saini mapatano ya kugawana mali na madeni mwaka 1984, madai ya waliokuwa watumishi wake yaliburutwa miaka mingi. Wengi walikufa wakingoja. Watoto wao walipokwenda kudai jasho la baba, swali la kwanza halikuwa baba alifanya kazi miaka mingapi. Waliulizwa wao ni nani, na barua ya mahakama iko wapi.

Wosia ungepunguza mengi ya hayo. Si kweli kwamba ni wa matajiri. Yatosha uandikwe, utiwe saini mbele ya mashahidi wawili, na utaje msimamizi. Mashahidi hao wasiwe wale unaowaachia kitu, wala wake au waume zao, maana zawadi ya shahidi hubatilika. Ndugu zetu Waislamu wana mafungu yao ya mirathi, na wosia wao hauvuki thuluthi moja. Wao wamwone sheikh. Najua wapo watakaosema kuandika wosia ni kujichuria. Basi na bima ya ajali kazini nayo ni uchuro, na mbona tuliidai kwa mgomo?

Sasa nije kwenye lile linalosemwa kidogo zaidi. Mzee anaweza asife. Anaweza kukaa miaka kumi kitandani, au akili ikapungua polepole. Wengi hudhani hati ya kumpa mtoto mamlaka ya kusaini badala yako inatosha. Haitoshi: kwa kanuni tuliyoirithi kutoka Uingereza, mamlaka hayo hukoma pale aliyeyatoa anapopoteza akili timamu, yaani saa ile ile yanapohitajika. Waingereza wenyewe walijirekebishia mwaka 1985. Kwetu familia hulazimika kwenda mahakamani kuomba mtu wa kusimamia mambo ya mgonjwa, na katika madai yote ya vyama vya wafanyakazi sijaona hata mmoja akililia jambo hili.

Na nani anamwogesha mzee huyo? Aghalabu ni binti, na aghalabu binti huyo ni mfanyakazi mwenzetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa likizo ya mwaka ya siku 21 na likizo ya uzazi; likizo ya kumuuguza mzazi haimo. Humaliza siku zake 21 hospitalini, kisha huacha kazi, na makato yake ya NSSF hukoma siku hiyo hiyo. Kwa hiyo uzee wa mama unazaa umaskini wa uzee wa binti. Ruzuku ya serikali ya shilingi 25,000 kwa mwezi ilipopelekwa nchi nzima iliwekewa umri wa miaka 80. Kati ya 55 na 80 ni miaka 25, na fedha za NSSF hutolewa kwa mkupuo, ukoo mzima ukiwa umekwisha kusikia.

Nashauri mambo mawili. Kwanza, katika mapatano ya pamoja yajayo na mwajiri tudai siku za kumuuguza mzazi, hata kama zitaanza bila malipo, mradi nafasi ya kazi ya binti huyo isiguswe. Pili, kila tawi liite wakili siku moja kwa mwaka, pamoja na karani wa gombolola, wakae ofisini kwetu tangu asubuhi. Wanachama waje na wenzi wao, si peke yao, kwa sababu mume akifungiwa wosia sandukuni ambalo mkewe halijui ni kama hakuandika. Gharama ya wakili ilipwe kutoka ada zetu. Mwaka jana fedha kama hizo zilinunua fulana za Mei Mosi.