Jasho ya furaha ndani ya lupango



Tukisema «mazoezi ya mwili», wengi wetu wanafikiri mara moja juu ya wanajeshi ao wachezaji wa mpira. Baba anasema: «Mimi nimeshachoka na kazi ya mine.» Mama anasema: «Mimi ninabeba bidoni za maji tangu asubuhi, munataka nikimbie tena?» Kijana anabaki mu kiti na telefone yake. Kila mmoja iko na sababu yake. Lakini tazameni ndani ya mitaa yetu, ku Kolwezi, ku Likasi, ku Kipushi, ku Lubumbashi: ni jamaa ngapi zinamulilia baba aliyeanguka gafula kwa tension, hata nywele nyeupe hazijaonekana? Ugonjwa wa tension haupige hodi. Mutu anaweza kuwa nao miaka mingi pasipo kusikia maumivu hata kidogo.

Kwa hiyo mwezi huu tuseme juu ya kutikisa mwili ndani ya lupango yetu, bila kulipa mutu feza, na zaidi ya yote, kwa furaha. Kwa maana zoezi lenye kuchosha roho halidumu hata juma mbili. Lenye kuchekesha, watoto wenyewe watakuja kukukumbusha.

Nani anahitaji, na kiasi gani?

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitoa kipimo katika mwaka 2020. Mutu mzima atikise mwili dakika 150 kufika 300 kwa juma. Ni kusema dakika 30, siku tano. Mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji dakika 60 kila siku. Na kama huna dakika 30 za kufuatana, gawanya: kumi asubuhi, kumi saa ya kutoka kazi, kumi mbele ya kulala. Zote zinahesabiwa.

Utajua namna gani kama unafanya kwa kipimo kizuri? Iko njia rahisi: unaweza kuzungumza na mwenzako, lakini huwezi kuimba. Kama unaimba vizuri mpaka mwisho, ongeza nguvu kidogo. Kama hata kusema unashindwa, punguza.

Sasa tujibu wale wa mwanzo. Wewe baba mwenye kuongoza kamio kubwa ao mashini, kweli unachoka, lakini mwili wako ulikaa mu kiti siku nzima. Ile ni uchovu wa macho, wa mgongo na wa mawazo. Moyo na miguu havikufanya kazi. Wewe mama mwenye kubeba maji, kutwanga na kulima, mwili wako umeshafanya zoezi, na kazi ile inahesabiwa. Kitu unachohitaji si bidoni ingine, ni kucheka na kupumzika. Basi zoezi la kwanza la vijana wanaume ni hili: bidoni mbili za maji kila asubuhi, pasipo kungojea dada. Tukiwaambia wasichana «fanyeni mazoezi» na kuwaachia kazi yote ya nyumba, hatujawafundisha afya, tumewaongezea mzigo tu.

Michezo ya kufanya

*Kamba.* Kamba ya kufungia mizigo inatosha. Wawili wanazungusha, wengine wanaingia mmoja mmoja. Anayegusa kamba anaenda kuzungusha. Baba na mama nao waingie! Watoto hawatasahau siku ile.

*Nzango.* Wasichana wanaijua vizuri: wawili wanasimama uso kwa uso, wanaimba, wanapiga mikono, wanaruka, kisha kila mmoja anatupa mguu mbele. Mmoja anapata pointi kama miguu inalingana, mwenzake kama inaachana. Ninyi vijana wanaume, msiseme ni mchezo wa wasichana. Jaribuni dakika tano tu, kisha mtuambie kama miguu yenu ingali na nguvu.

*Mruko wa Kidiaba.* Nani alisahau mwezi wa 12, mwaka 2010, ku Abu Dhabi? TP Mazembe iliwashinda Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya kombe la dunia la klabu, na golikipa Robert Kidiaba akaruka-ruka kwa matako juu ya majani. Dunia nzima ilicheka, lakini jaribu wewe mwenyewe! Tumbo na mapaja vinafanya kazi kali. Tandika mukeka, watoto washindane nani atafika mbali. Wazee na wenye maumivu ya mgongo wabaki waamuzi.

*Chupa za mchanga.* Chupa mbili za litre moja na nusu, ukizijaza maji, kila moja ina kilo 1 na nusu. Ukitia mchanga, inapita kilo 2. Inua mara kumi, pumzika, rudia. Kaza misuli hivi mara mbili kwa juma. Lakini chukua mchanga wa kujengea, si udongo wenye kutoka ku mine.

*Dansi.* Siku ya posho mangaribi, fungua redio. Wazee wachague gitare ya Mwenda wa Bayeke, vijana wachague karindula, kila mmoja afundishe mwenzake hatua moja. Nyimbo tano zinakaribia dakika 20. Jirani akicheka ku lukuta, umwite naye aingie.

Mavumbi ni adui

Sisi wa mahali pa mine tuko na jambo la kuangalia ambalo wengine hawana. Tangu mwezi wa 5 mpaka wa 9 mvua hakuna, na makamio yanapandisha mavumbi. Ukikimbia, unavuta hewa nyingi kupita mutu aliyekaa, na mavumbi yanaingia vilevile mengi. Kwa hiyo fanya mazoezi asubuhi mapema, mbali na barabara kubwa. Nyunyiza maji chini mbele ya kufagia na kucheza. Watoto wasicheze juu ya mabaki ya mine, wala ndani ya mto wenye kupokea maji ya kiwanda.

Na wewe baba ao kijana mwenye kutoka ku mine ao ku shimo: usimkumbatie mtoto na nguo za kazi. Vua, oga, kisha cheza. Nguo zile zifuliwe mbali na za watoto. Mavumbi hayana rangi ya sumu, lakini yanaingia nyumbani pamoja nawe.

Ku meza

Mazoezi bila chakula kizuri ni kama kujaza ndoo yenye kutoboka. Bukari si mbaya, lakini sahani isijae bukari peke yake. Lengalenga, matembele, sombe, maharagi, samaki, papai: vyote viko ku soko. Chumvi isipite kijiko kidogo kimoja kwa mutu mmoja kwa siku, na kube za kutia mu mchuzi zimejaa chumvi, zinahesabiwa ndani yake. Kisha kucheza, kinywaji ni maji safi. Vile vinywaji vya nguvu ambavyo vijana wanapenda vimejaa sukari na kafeini, havijengi misuli.

Angalisho

Mwenye tension, sukari ao ugonjwa wa moyo aende kwanza kumuuliza munganga. Mtoto mwenye anemia SS acheze, lakini polepole, akinywa maji mengi na kupumzika kila mara anapotaka. Msimlazimishe wala kumcheka. Mwenye homa asifanye mazoezi. Na kama kifua kinauma ao kizunguzungu kinakamata, simama mara moja na kwenda ku hospitali.

Ya kuzungumza nyumbani

1. Nani ndani ya jamaa yetu anakaa zaidi kupita wote? Nani anafanya kazi ya mikono zaidi? Tutagawanya kazi namna gani?
2. Ni mchezo gani tutaanza nao juma hii, na saa gani?
3. Ni lini mara ya mwisho baba na mama walipima tension?

Swali la tatu, msiliache mpaka mwezi ujao.