Mbegu Chotara na Haki ya Mkulima wa Tabora

Mahindi si mzaliwa wa nchi yetu. Asili yake ni Meksiko. Misafara ya karne ya 19 ilipopita Tabora ikitoka Bagamoyo kwenda Ujiji, chakula kikuu cha Unyamwezi kilikuwa mtama na uwele. Leo chungu chetu hutegemea mahindi, na kwa hiyo yeye aishikaye mbegu ya mahindi amekishika chungu hicho. Ndiyo maana Tume ya Haki na Amani haiwezi kuliacha jambo hili kwa wenye maduka peke yao.

Wakulima wengi hulalamika kwamba mbegu chotara ikirudiwa msimu wa pili huzaa vibaya, na wengine husema imetiwa dawa makusudi. Sivyo. Mtafiti huchagua mmea na kuuchavusha kwa chavua yake wenyewe, akifunika kwa mifuko ya karatasi mbelewele iliyo kileleni na gunzi changa lenye ndevu. Hufanya hivyo misimu sita au zaidi. Mimea hiyo hudhoofika, ikawa mifupi yenye magunzi madogo, lakini hufanana kabisa. Kisha koo mbili za namna hiyo hupandishwa pamoja: mistari ya mama hukatwa mbelewele kabla haijapukutisha chavua, mistari ya baba huachwa. Mtoto wa ndoa hiyo huwa na nguvu kupita wazazi wake wote wawili. Lakini wajukuu hutawanyika, kila mmoja akirithi lake, na nguvu hupungua. Hakuna hila hapo, ni maumbile. Hila huanzia pale muuzaji anapomficha mkulima kwamba atalazimika kununua tena kila mwaka.

Mbegu za uchavushaji huria, kama vile Staha, Kilima na TMV-1 zilizotolewa nchini mwetu miaka ya 1980, huweza kurudiwa misimu michache mkulima akichagua magunzi bora katikati ya shamba. Mjane asiye na fedha Novemba ana haki ya kuelezwa hayo.

Je, mbegu mpya hupimwaje? Serikali, kupitia TOSCI, hutazama kama ni ya pekee, kama inalingana shambani na kama haibadiliki. Tena huishindanisha na mbegu zilizozoeleka katika vituo mbalimbali, ndipo kamati ya taifa huiruhusu. Utaratibu ni mzuri. Hata hivyo, yafaa tuulize: ilishindanishwa wapi? H611, chotara mashuhuri ya Kitale, Kenya, iliyotolewa mwaka 1964 kutokana na mbegu ya huko na mbegu ya Ekwado, ilifanya maajabu katika nyanda za juu. Tabora ina mwinuko wa kama meta 1,200, udongo wa kichanga wa miombo, na mvua za msimu mmoja ambazo aghalabu hukatika katikati. Ushindi wa palepenye ubaridi na rutuba hautoshi kuwa ushahidi kwetu. Tena shamba la majaribio lililotiwa mbolea ya kutosha halisemi lolote juu ya shamba lisilotiwa hata kiganja.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa walei: kabla ya kununua, tazameni lebo ya TOSCI na kuikwangua namba yake ili kuihakiki kwa simu, tunzeni risiti na kipande cha mfuko. Na kigango chenye shamba kitenge vipande sita vilivyo sawa. Pandeni chotara, mbegu huria na mbegu ya nyumbani, kila moja katika kipande chenye mbolea na kingine kisicho nayo. MwaliKeni bwana shamba, na watafiti wa TARI Tumbi wakiweza kufika. Mwezi wa Mei pimeni kwa debe mbele ya watu wote, mkahesabu pia fedha iliyotumika.