Maoni: Televisheni ya zamani ingali na kazi, lakini pesa isitoke kabla picha haijaonekana

Goma, Kivu ya Kaskazini.– Katika nyumba nyingi za Goma zinazopokea jamaa waliokimbia vita, kuna simu moja ya kugusa na watu wengi wanaoizunguka. Watoto wanataka kuona somo, wazee wanataka kuona video ya harusi iliyotumwa toka Kampala ao Bujumbura, na kioo ni kidogo kama kiganja cha mkono. Pembeni, juu ya meza, kuna televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa. Imefunikwa kitambaa, maana pesa ya kulipia chaneli kila mwezi haipatikani tena.

Wazo la kupeleka picha ya simu kwenye televisheni hiyo ni zuri. Ubaya ni kwamba wengi wanalipa kwanza, wanafika nyumbani, ndipo wanagundua kwamba walichonunua hakifanyi kazi. Na duka linajibu kwamba kitu kilichouzwa hakirudishwi.

Kuna watu wanaosema kwamba hii ni anasa: mtu ambaye hajapata unga atafute televisheni ya nini? Wasemao hivyo wana sehemu ya ukweli, chakula ni cha kwanza. Lakini vita ilipofika ndani ya mji mwezi wa kwanza 2025, na kambi zilizozunguka mji zikavunjwa mwezi wa pili, watoto wengi walihama pamoja na wazazi bila daftari wala kitabu. Mwaka 2020, wakati shule zilifungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipitishwa kwenye redio na televisheni. Somo moja lililohifadhiwa ndani ya simu linaweza kusaidia watoto wa nyumba tatu kama linaonekana kwenye kioo kikubwa. Hiyo si anasa.

Sasa, mtego uko wapi? Upo kwanza kwenye waya wenye kichwa cha chaja upande mmoja, na vichwa vitatu vya rangi upande mwingine: njano, nyekundu na nyeupe. Unauzwa bei ndogo, na unaingia vizuri kabisa kwenye matundu ya televisheni ya zamani. Lakini kuingia si kufanya kazi. Rangi ya njano inapokea picha, nyekundu na nyeupe zinapokea sauti, na zote zinapokea kwa namna ya zamani. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Birere hazitoi picha yoyote kupitia tundu la chaji. Waya mtupu hauwezi kutengeneza picha ambayo simu haikutoa.

Mtego wa pili ni kiboksi kidogo cha kubadilisha picha. Viko vya aina mbili, na kwa macho vinafanana kama mapacha. Kimoja kinapokea HDMI na kutoa rangi tatu. Kingine kinapokea rangi tatu na kutoa HDMI. Kwa televisheni ya zamani, kinachohitajika ni kile cha kwanza, kilichoandikwa HDMI2AV. Anayebeba AV2HDMI amebeba kitu kizima, lakini kwa kazi isiyo yake.

Njia ya kweli ipo. Simu nyingi za Android zina uwezo wa kurusha picha ya kioo chake kwa Wi-Fi, na kuna kifaa kidogo cha kuipokea, kinachochomekwa kwenye HDMI. Kwa televisheni ya zamani, kifaa hicho kinachomekwa kwenye kiboksi cha HDMI2AV, na kiboksi kinaunganishwa kwa rangi tatu. Vyote viwili vinahitaji umeme wa volti 5, kama wa chaja ya simu. Picha ikikosa rangi ao ikiruka-ruka, kwenye kiboksi kuna swichi ndogo iliyoandikwa PAL na NTSC; kuisogeza mara nyingi kunatosha. Vifaa vinavyopokea kwa njia ya Miracast havihitaji hata mega moja kama video iko tayari ndani ya simu. Tena ni vizuri kujua kwamba televisheni hizo hazionyeshi maandishi madogo. Somo lenye herufi kubwa litasomeka, ujumbe wa WhatsApp hautasomeka vizuri.

Lakini kwa familia isiyo na pesa nyingi, kuna njia nyingine ambayo wauzaji hawaitaji sana: mashine ya DVD yenye tundu la USB. Video zinahamishwa toka simu kwenda kwenye fulashi kwa waya mdogo unaoitwa OTG, kisha fulashi inachomekwa kwenye mashine. Mashine nyingi za zamani zinakataa video za MP4, kwa hiyo fundi wa kompyuta azibadilishe kwanza kuwa AVI ao MPEG. Simu inabaki huru, na chaji yake haiishi. Pale ambapo umeme unakuja na kwenda, hilo si jambo dogo.

Kwa hiyo deni la kwanza liko kwa wauzaji. Muuzaji wa redio anaiwasha mbele ya mnunuzi. Muuzaji wa taa ya sola anaiwasha pia. Kwa nini waya wa picha uuzwe ndani ya mfuko uliofungwa? Televisheni moja ya zamani ndani ya duka inatosha kwa majaribio ya dakika tano. Wauzaji wengine wanasema kwamba wateja wanaharibu vichwa vya waya kwa kujaribu ovyo. Basi, muuzaji mwenyewe ajaribu, kwa simu ya mteja, mteja akiangalia. Na mteja naye, kabla ya kutoka nyumbani, apige picha ya nyuma ya televisheni ili matundu yaonekane, na aende na simu ileile atakayotumia.

Deni la mwisho liko kwa mwenye simu. Picha ya simu ikipanda kwenye televisheni, kila kitu kinapanda: ujumbe unaoingia, jina la anayepiga, salio la pesa ya simu. Katika nyumba yenye wageni na majirani, ujumbe mmoja unaosema ndugu fulani amejificha wapi unaweza kuleta hatari ambayo hakuna video inayostahili. Kabla ya kurusha picha, simu iwekwe kwanza katika hali ya ndege, kisha Wi-Fi peke yake ifunguliwe. Fulashi haina hatari hiyo: inaonyesha tu kile kilichowekwa ndani yake.

Televisheni ya zamani isitupwe wala kuuzwa kwa bei ya chuma. Familia iliyopoteza nyumba na shamba haistahili kupoteza tena franka zake za mwisho kwa waya usiofanya kazi. Picha ionekane dukani kwanza, malipo yafuate.