MTOTO AIMBAYE HERUFI HAJASOMA BADO



Siku ya mshahara wengi wetu twatenga karo ya mtoto kabla ya kununua unga. Basi ni haki yetu kuuliza fedha ile inanunua nini. Mara nyingi inanunua wimbo. Mtoto anarudi nyumbani akiimba "ei, bi, sii" mpaka mwisho, baba anafurahi, jirani anapiga makofi. Lakini mwandikie neno "meza" kwenye karatasi, naye atatazama dari.

Si ujinga wa mtoto. Amefundishwa majina ya herufi, hakufundishwa sauti zake. Unganisha "em, i, zedi, ei" utakavyo, hutapata meza. Sauti zenyewe zaungana: m na e ni me, z na a ni za. Tena majina ya Kiingereza yanamchanganya, maana E huitwa "i" na I huitwa "ai", hali katika Kiswahili kila irabu kati ya zile tano ina sauti moja tu. Hatusemi yote ni rahisi. Mbwa na ng'ombe hutaka subira, na hiyo ng' huwashinda hata watu wazima wanaoandika matangazo ya mikutano yetu.

Serikali yenyewe ilikwisha kulikubali jambo hili. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 kwa msaada wa Marekani, ulileta mafunzo ya sauti za herufi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na kitabu kimoja kwa kila mtoto. Kitabu hicho si jambo dogo. Watoto watatu wakigawana kimoja, mmoja husoma, wawili humfuatisha kwa mdomo.

Nasi wazazi tuna lawama. Twakimbilia shule iliyoandika Kiingereza kwenye lango, na mwalimu anayeanza na ba, be, bi twamwona wa zamani.

Jioni hii mwandikie mtoto neno lisilo na maana, kama "pamibo". Maneno ya kitabuni huenda ameyakariri. Hili hakulikuta popote. Akilisoma, mwalimu wake amefanya kazi. Akishindwa, naye yumo Gredi ya 3, nenda shuleni upesi, kwani kuanzia hapo masomo yote humjia kwa maandishi, na mwisho atawekewa mkataba wa kazi mbele yake asijue ameandikiwa nini. Wazee wetu walitia dole gumba kwenye karatasi za namna hiyo. Nenda kwa adabu: mwalimu naye ni mfanya kazi, na huenda ana watoto wengi kuliko madawati.

Mwanachama ambaye darasa la mtoto wake halina vitabu vya kutosha na amletee katibu wa tawi hesabu ya watoto na hesabu ya vitabu kabla ya mkutano ujao. Tutakwenda na hesabu hizo kwa wakubwa wa elimu.